Umeboshi: chumvi asilimia 18, jua la siku tatu

Umeboshi ni tunda la ume la Kijapani lililotiwa chumvi kisha likaanikwa. Nyingi zinazotengenezwa nyumbani na kuharibika hazikuharibikia juani. Ziliharibikia ndani ya mtungi, katika siku nne au tano za mwanzo, kabla maji ya tunda hayajapanda na kulifunika. Katika siku hizo chumvi inavuta maji kutoka ndani ya tunda, na ukungu nao unatafuta pa kushika. Chumvi ikiwahi, kinachobaki ni subira. Ukungu ukiwahi, hapo hutengenezi tena, unaokoa. Kwa hiyo tutakaa zaidi kwenye mizani na kwenye mtungi kuliko kwenye jua, ingawa jua ndilo linalopigwa picha.

Ume, kwa jina la kisayansi Prunus mume, ni tunda lenye asili ya China lililofika Japani zamani sana. Kwa mazoea huitwa plamu ya Kijapani, lakini kwa nasaba liko karibu zaidi na mishmishi. Neno "boshi" linatokana na kitenzi hosu, yaani kuanika. Mtu wa pwani aliyezoea achari ya embe au ya ndimu ataitambua njia hii: chumvi kwanza, kisha jua. Tofauti ni kwamba umeboshi haina mafuta, haina bizari, wala haiongezwi siki. Uchachu wote ni wa asidi za tunda lenyewe, hasa ya sitriki, na majimaji yote yametoka ndani ya tunda. Majimaji hayo huitwa umezu, siki ya ume, ijapokuwa hayakuchachushwa kama siki. Katika jikoni la kale la Kijapani chumvi na umezu vilikuwa viungo vya msingi kiasi kwamba neno anbai, linaloandikwa kwa herufi ya chumvi na herufi ya ume, mpaka leo lina maana ya namna chakula kilivyokolea, au namna jambo lolote lilivyokaa.

Tunda

Kitovu cha ume ni mkoa wa Wakayama, hasa Minabe na Tanabe. Mkoa huo peke yake hutoa zaidi ya nusu ya ume zote za Japani, na mwaka 2015 FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, iliuingiza mfumo wa kilimo wa Minabe na Tanabe katika orodha yake ya urithi wa kilimo duniani. Aina inayotawala huko ni Nanko, iliyosajiliwa mwaka 1965. Ina ganda jembamba na nyama nyingi laini, ndiyo maana umeboshi yake ukiibonyeza ulimini inayeyuka. Wakulima wa Minabe hutandaza nyavu chini ya miti na kungoja matunda yaanguke yenyewe yakiwa yameiva kabisa. Hapo ndipo kuna somo la kwanza: umeboshi haitengenezwi na tunda la kijani. Tunda la kijani lina kazi nyingine, kama pombe ya ume na sharubati, au zile umeboshi ndogo za kutafuna zinazolia "kari-kari", ambazo huwekwa pamoja na maganda ya mayai ili kalsiamu yake ishikamane na pektini na kulizuia tunda lisilainike.

Ukiweka chumvi kwenye tunda la kijani, maji hupanda polepole na umeboshi hutoka ngumu, ganda likiwa gumu kama la nyanya iliyokaushwa vibaya. Kwa hiyo matunda yaliyonunuliwa yakiwa kijani yatandaze kivulini, kwenye boksi la karatasi au ungo, siku mbili hadi nne. Subiri yawe ya manjano na chumba kizima kinukie kama pichi. Usiyatie kwenye friji. Baridi huyajeruhi, yanatoka madoa ya kahawia na hayaivi tena sawasawa. Kila asubuhi yapitie, toa yaliyoiva, acha mengine.

Tunda bichi la kijani halitafunwi. Lina amigdalini, ambayo mwilini huzaa sianidi, na nyingi zaidi imo ndani ya mbegu iliyo kwenye kokwa. Kuiva, chumvi na jua huipunguza. Wazee wa Kijapani waliwaambia watoto kwamba ndani ya kokwa la ume amelala Tenjin, basi wasilivunje. Tenjin ni jina la kiungu la Sugawara no Michizane, mwanachuoni aliyefariki mwaka 903 na anayejulikana kwa kuyapenda maua ya ume. Hadithi nzuri, na inafanya kazi ya onyo.

Chumvi

Kwa kilo 2 za matunda, chumvi ni gramu 360. Hiyo ni asilimia 18 ya uzito wa tunda. Zamani asilimia 20 ilikuwa ya kawaida, na wako wanaoipenda mpaka leo. Asilimia 15 inawezekana kwa aliyezoea na mwenye jicho la kukagua kila siku. Chini ya 10 unatengeneza kitu kingine, cha kukaa kwenye friji.

Watu wengi hudhani uchachu ndio unaolinda tunda, hivyo chumvi inaweza kupunguzwa bila madhara. Sivyo. Asidi huzuia bakteria wengi, lakini ukungu na hamira nyingi huishi vizuri tu kwenye uchachu. Kinachowazuia ni chumvi kuyafunga maji wasiyapate. Ukishuka kutoka 18 hadi 12 unaondoa ulinzi huo, na zaidi ya hapo unapunguza nguvu ya kuvuta maji, yaani umezu inachelewa kupanda. Hasara mbili kwa mpigo mmoja, na zote zinaangukia siku zilezile nne za mwanzo.

Pima kwa mizani, kamwe usipime kwa kijiko, maana kijiko cha chumvi ya mawe na kijiko cha chumvi laini ya mezani havilingani hata kidogo. Iliyo bora ni chumvi ya bahari ya chenga, yenye unyevu kidogo, kwa sababu hushika kwenye ganda. Ile laini na kavu huporomoka yote chini ya mtungi na kuyaacha matunda ya juu uchi.

Kuweka kwenye mtungi

Chombo kiwe cha udongo uliochomwa na kung'arishwa, kioo, enameli isiyobanduka, au plastiki ya chakula. Bati na aluminiamu havifai. Asidi na chumvi vikikutana na chuma, chuma kinaliwa na tunda linapata ladha ya kutu. Mfuniko wa chuma wa chupa ya jamu nao ni wa kuepuka. Chombo kioshe, kikaushe, kisha kipanguse kwa shochu ya asilimia 35 au pombe yoyote kali isiyo na sukari. Asiyetumia pombe akichemshe au akimwagie maji ya moto yanayochemka, na akiache kikauke kabisa.

Osha matunda kwa upole. Yaliyoiva hayalowekwi. Wanaosema loweka usiku kucha wanazungumzia ya kijani, na ukiyaloweka ya manjano yanageuka kahawia. Yapanguse moja moja kwa kitambaa, kisha ng'oa kile kikonyo kidogo cheusi kwa ncha ya kijiti cha mwanzi. Kazi hii inachosha lakini usiiruke: maji hujificha kwenye kishimo hicho, na ukungu huanzia hapohapo. Tunda lililochubuka au kupasuka weka kando, litafaa kwa jamu. Moja bovu linatosha kuharibu mtungi.

Nyunyizia matunda shochu, kama mililita 50 kwa kilo 2. Inaua vijidudu vya juu na inaifanya chumvi ing'ang'anie. Kisha panga: chumvi kidogo chini, safu ya matunda, chumvi, safu nyingine. Usigawe chumvi sawasawa. Ya chini iwe kidogo na ya juu iwe nyingi, kwa kuwa chumvi hushuka yenyewe kadiri inavyoyeyuka, haipandi.

Juu weka sahani bapa, na juu ya sahani mzigo. Kwa matunda magumu kidogo mzigo uwe mara mbili ya uzito wake, yaani kilo 4 kwa kilo 2. Kwa Nanko iliyoiva hadi kulainika, uzito sawa na wa matunda unatosha, kwani ukizidisha yatapasuka na umezu itakuwa na mawingu. Mfuko wa plastiki uliojazwa maji ya chumvi ni mzigo mzuri, unakaa kwa umbo la mtungi, na hata ukitoboka hauongezi maji matupu.

Siku ya pili utaona unyevu chini. Siku ya tatu hadi ya tano umezu iwe imefunika matunda yote. Ikifika hapo punguza mzigo kwa nusu, matunda yabaki yamezama tu. Kabla ya hapo, kila siku inua mtungi na uutikise kwa mzunguko ili maji ya chini yaguse matunda ya juu. Siku tano zikipita na juu bado pakavu, ongeza mzigo, au mimina umezu ya mwaka jana kama unayo. Usiongeze maji. Nasema tena kwa sababu ndilo kosa linaloonekana kuwa la busara: maji yanashusha kiwango cha chumvi mahali palepale ulipotaka kiongezeke.

Ukiona utando mweupe juu ya umezu, usitupe. Utoe wote kwa kijiko kisafi, toa matunda, yasuuze kwa shochu, chuja umezu na uichemshe kwenye sufuria ya enameli huku ukiengua povu, iache ipoe kabisa, safisha mtungi upya, rudisha. Hali ni tofauti kama ukungu ni wa kijani au mweusi na umeingia ndani ya nyama, au harufu imebadilika. Hapo hakuna cha kuokoa.

Jani jekundu

Umeboshi ya Wakayama mara nyingi huachwa bila rangi, ya hudhurungi nyepesi. Ile nyekundu inapata rangi yake kwa aka-shiso, jani la zambarau la jamii ya mnanaa linaloonekana sokoni mwishoni mwa Juni na Julai, umezu ikiwa tayari imepanda. Kwa kilo 2 za ume chukua gramu 300 za majani matupu, bila mashina. Yaoshe na yakaushe kweli, kwani majani yenye maji yanaleta ukungu baada ya kuwa umeshavuka hatari yote ya mwanzo, na hilo linauma.

Chumvi ya majani ni gramu 60. Tia nusu, fikicha kwa nguvu mpaka yanywee na kutoa maji ya zambarau meusi yenye povu, kamua, mwaga maji hayo. Yana ukakasi. Tia nusu iliyobaki, fikicha tena, kamua, mwaga. Sasa majani ni donge dogo la kutisha, la rangi ya wino. Chota umezu kama mililita 200, mimina juu yake na ulifumue donge. Papo hapo rangi inageuka nyekundu inayong'aa, kwa sababu rangi ya jani hilo, antosiyanini, hubadilika inapokutana na asidi. Tandaza majani juu ya matunda, rudisha umezu ile nyekundu, weka mzigo mdogo, funika.

Jua

Mvua za Juni na Julai huko Japani huitwa tsuyu, na neno hilo huandikwa kwa herufi za "ume" na "mvua". Zinapokatika, karibu na tarehe 20 Julai, huanza kipindi cha doyo, siku kama 18 kabla ya mwanzo wa vuli katika kalenda ya zamani. Ndicho cha kuanika. Usianike kwa kufuata tarehe lakini. Fuata utabiri, utafute siku tatu mfululizo bila mvua. Ume zilizofunikwa na umezu zinaweza kungoja hadi Agosti au hata Septemba bila kudhurika.

Panga matunda kwenye ungo wa mianzi bila kugusana, na uinue ungo juu ya matofali ili hewa ipite chini. Majani ya shiso yakamue, yaanike pembeni. Umezu yenyewe iweke juani siku moja ndani ya chupa ya kioo iliyofunikwa. Geuza matunda mara moja kwa siku. Ganda hunata kwenye mianzi na kupasuka ukiligeuza mchana likiwa kavu, kwa hiyo geuza asubuhi mapema likiwa bado na unyevu wa usiku. Usiku wa kwanza wengi huyarudisha kwenye umezu, rangi izidi kuingia. Usiku wa mwisho, mbingu zikiwa safi, huachwa nje yapate umande, na ganda linalainika.

Yamekuwa tayari unapolibana tunda kwa vidole viwili na ganda likainuka kutoka kwenye nyama bila kupasuka. Kama bado linatoa maji, ongeza siku. Kama limekuwa gumu umezidisha, na dawa yake ni kulichovya kwenye umezu kabla ya kuhifadhi. Mvua ya ghafla ikilipata, lisuuze kwa umezu au shochu uanze kuanika tena.

Yahifadhi kwenye mtungi, makavu au na umezu kidogo, mahali penye kivuli. Ukionja wiki hiyo hiyo utakutana na chumvi tupu, yenye ncha. Ngoja miezi mitatu angalau. Mwaka mmoja ni bora zaidi, na ya miaka mitatu ina utulivu ambao hakuna sukari inayoweza kuuiga. Chembe nyeupe zinazong'aa juu ya umeboshi ya zamani ni chumvi iliyoganda, si ukungu. Ukungu ni laini na una manyoya, chumvi inakwaruza.

Nje ya Japani, ume mbichi ni adimu. Mishmishi ndogo, chachu, zisizoiva sana, kama zile zinazolimwa kwenye vijiji vya milima ya Hajar huko Oman, zinafuata njia hii vizuri. Uchachu wake ni mdogo kuliko wa ume, kwa hiyo chumvi isishuke chini ya asilimia 18 kwa vyovyote.

Kupika nayo

Angalia kwanza unapika na ipi. Japani kibandiko hutofautisha umeboshi, ya chumvi pekee au pamoja na shiso, na chomi umeboshi, iliyolowekwa kupunguzwa chumvi kisha ikatiwa asali, kombu (mwani wa bahari) au samaki mkavu. Ya pili ni nzuri kwa kula na wali, lakini ukiitia kwenye mchuzi inaleta utamu usioombwa, nayo hukaa kwenye friji. Ya asili ina karibu gramu 2 za chumvi katika tunda moja lenye gramu 10 za nyama. WHO inapendekeza mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, basi hesabu umeboshi kama kiungo. Chumvi nyingine ya chungu ipungue kwa kiasi hicho.

Kwenye donge la wali, onigiri, kawaida huwekwa moja katikati. Wengi huamini inaulinda wali wote usichache, kumbe inalinda pale inapogusa tu. Kwa chakula cha safari wakati wa joto, toa kokwa, ikatekate, ichanganye na wali wote.

Pishi linaloonyesha kazi yake kuliko yote ni iwashi no umeni, dagaa wakubwa wa sadini waliochemshwa na umeboshi. Sadini 8, toa vichwa na matumbo, osha, kausha. Katika sufuria pana tia maji mililita 200, sake (pombe ya mchele) mililita 100, sosi ya soya vijiko vikubwa 2, mirini (pombe tamu ya kupikia) vijiko 2, sukari kijiko 1, tangawizi iliyokatwa nyembamba, na umeboshi 3 zilizopasuliwa kidogo. Chemsha kwanza, ndipo upange samaki safu moja. Ukiwaweka kwenye maji ya baridi shombo linabaki ndani. Funika kwa karatasi ya kuokea iliyokatwa kwa kipimo cha sufuria, igusane na samaki, moto mdogo, dakika 20 hivi. Usiwageuze, watavunjika. Asidi inaondoa shombo na inaanza kulainisha miiba, na kadiri unavyoendelea kwa moto mdogo ndivyo miiba inavyozidi kulegea.

Irizake ni ya zamani zaidi, kiungo cha enzi ya Edo (1603 hadi 1868) kabla sosi ya soya haijaenea kila nyumba. Sake mililita 300, umeboshi 2 za asili, chemsha taratibu mpaka ibaki nusu, tia gramu 5 za katsuobushi (samaki mkavu aliyeparuzwa vipande vyembamba), ngoja dakika moja, chuja. Samaki mweupe aliyechovywa humo hafunikwi ladha yake kama anavyofunikwa na soya.

Umezu usiimwage. Tangawizi changa iliyokatwa vijiti, ikatiwa chumvi, ikakamuliwa, ikaanikwa saa chache na kuzamishwa kwenye umezu nyekundu kwa siku kadhaa ndiyo beni shoga, ile tangawizi nyekundu inayowekwa juu ya tambi za kukaanga. Kuku wa kukaanga, gramu 300, anataka kijiko kimoja kikubwa cha umezu na nusu saa tu. Akikaa sana nyama inakauka. Na yale majani ya shiso yaliyoanikwa pembeni, siku yatakapovunjika kwa kubanwa kwenye kiganja, yasage kwenye kinu mpaka yawe unga, uyatie kwenye chupa ndogo, uyanyunyize juu ya wali wa moto.